Matairi Mapana ya Fundi Cherehani

Fundi alikuwa na tabia ya kumwangalia mtu kuanzia mabegani. Wengine huanza na uso, wengine na viatu. Macho yake yeye yalitua kwenye bega moja, yakavuka hadi la pili, yakashuka kiunoni, na ndipo aliposalimu. Aliyeingia katika chumba chake cha kushonea pale Ilomba alikuwa ameshapimwa kabla hajapewa kiti. Nilipanga chumba cha uani kwake kwa miaka kadhaa, na sikumbuki asubuhi hata moja aliyonitazama usoni kwanza. "Umepungua, mpangaji," alikuwa akiniambia nikipita na ndoo ya maji. Haikuwa pole wala sifa. Ilikuwa taarifa.

Mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe pia. Mkewe, ambaye sisi wapangaji tulimwita Mama, alikuwa Mhehe wa Iringa, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alisema walijuana siku alipokwenda kwake kupimwa gauni, akamwita Fundi, na tangu hapo hajapata sababu ya kubadili.

Katika nchi yetu ya baridi fundi cherehani hashoni kwa mwili aliouona. Shati linakatwa likijua kuna sweta ndani. Koti linajua kuna sweta mbili. Sare ya shule ndiyo kabisa: mzazi anataka nguo itakayomvusha mtoto madarasa matatu, kwa hiyo mtoto wa darasa la kwanza huku Mbeya hutembea ndani ya sare kama mtu aliyejifunika hema. Fundi alikuwa bingwa wa jambo hilo. Aliliita kuacha nafasi. Hata bibi mzee aliyekuja kushonewa gauni la kuvaa kwenye mazishi ya dada yake aliachiwa nafasi. "Huwezi kujua," alisema Fundi, chaki mkononi. Mama alikaa pembeni na sindano, na kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza. Mteja akirudi na suruali inayomvuka, Fundi hakuigusa. Aliisukuma kwa kidole kuelekea kwa mkewe, akageuka kushughulika na kitambaa kipya.

Mtu huyo ndiye aliyejenga gari la spoti.

Alilijenga uani, kati ya karo la kufulia na dirisha langu. Alianza na karatasi za kaki. Alizichora, akazikata, akazibandika juu ya fremu ya mbao kama anavyobandika kifua cha koti, akarudi nyuma kutazama, akapunguza kwa mkasi. Alipokuwa ameridhika, alizipeleka zile karatasi kwa mchomeleaji wa Mwanjelwa, akarudishiwa mabati yaliyokatwa kwa umbo lile lile. Injini ilitoka kwenye kibasi kidogo cha Kijapani kilichopinduka, aina ile ambayo injini inakaa chini ya viti. Aliifunga nyuma ya mgongo wa dereva. Viti alivivika kitambaa cha suti, kijivu chenye mistari. Usajili ulikuwa habari nyingine, na sikuuliza.

Gari lilikuwa fupi, pana, limelala chini, na taa zake mbili zilikaa juu kama macho. Mtaa ukaliita Chura. Vijana wa bodaboda walikuwa wakisimama getini.

"Shikamoo mzee. Chura ameamka?"

"Marahaba. Bado ana usingizi."

"Mzee, hiyo abiria wanakaa wapi? Au wanakimbia pembeni?"

"Ina viti viwili. Wewe si mmoja wao."

Viti viwili ndiyo ilikuwa nia yake, na aliieleza mara moja tu, siku ambayo umeme ulikatika na cherehani yake ya umeme ikanyamaza. Alikuwa amemchukua Mama kwao Iringa juu ya lori la viazi. Tangu hapo, kila walipopanda gari kwenda ukweni, gari lilijaa: shemeji, mtoto wa shemeji, jirani anayeshuka Makambako, mkungu wa ndizi, kuku. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kusafiri wawili. Alitaka kumpeleka mkewe Iringa, mara moja tu, katika chombo ambacho hakina pa kuweka mtu wa tatu wala gunia. "Nataka kumsikia anavyoongea njiani," alisema. "Sijui anavyoongea njiani."

Ajabu yake ni kwamba mtu huyo aliogopa mwendo. Katika basi alikaa nyuma ya dereva na kumwomba apunguze, kwa heshima, kila baada ya kilima. Alikuwa na ajabu nyingine. Aliokota vipande vya uzi sakafuni akavizungusha kwenye ganda la kibiriti, lakini kwa mteja masikini alitoa kitambaa cha mfuko bure. Alishona suti za maharusi wa nusu ya jiji, na koti lake mwenyewe la sikukuu lilining'inia begani kama la kuazima, kwa sababu alilikata zamani akitegemea kunenepa. Hakunenepa. Hakulipunguza.

Kilichomkasirisha kuliko vyote katika ujenzi wa gari kilikuwa namba za matairi. Mtu aliyeishi na futi shingoni alitarajia kipimo kimoja kwa kitu kimoja. Tairi lina vipimo vya aina tatu. Upana wake ni kwa milimita. Rimu, yaani ule mduara wa chuma ambao tairi linavaa, ni kwa inchi. Na kimo cha ubavu wa tairi, kutoka rimu hadi barabarani, hakipimwi kwa chochote ila kwa asilimia ya upana.

"Hii ni nguo ya kichaa," aliniambia, amechuchumaa mbele ya tairi kuukuu. "Kifua kwa milimita, kiuno kwa inchi, halafu urefu wa mkono unaambiwa ni asilimia hamsini ya kifua. Sasa nikimpanulia mtu kifua, mkono nao unarefuka wenyewe? Nani kauomba?"

Lakini alijifunza. Alichora namba kwa chaki ukutani, akazizungusha, akapiga hesabu, na baada ya muda aliweza kutaja kimo cha tairi lolote kwa kusikia namba zake. Alikubali pia, bila ubishi, kwamba mbele na nyuma hayatalingana. Hilo lilimfurahisha. "Hakuna mtu niliyempima akawa sawa mbele na nyuma," alisema. "Injini iko nyuma, uzito uko nyuma, nyuma ndiko kunakosukuma. Nyuma kukatwe kupana." Kwa hiyo swali halikuwa kama yatofautiane. Swali lilikuwa kiasi gani.

Nilimsindikiza Mbalizi siku ya kununua. Matairi ya mtumba yalikuwa yamepangwa kando ya barabara kama nguzo, na muuzaji, kijana mwenye kofia ya sufu, alimwelewa kabla hajamaliza maelezo.

"Spoti? Mzee, spoti ni nyuma! Mbele mtu haangalii. Chukua haya mia mbili ishirini na tano. Umeona hilo paja?"

Fundi alizungusha futi yake kwenye lile tairi, akaipitisha kwenye upana. Tairi lilikuwa pana kweli. Mbele alishachagua mia na themanini na tano.

"Gari lenyewe jepesi," alisema. "Injini ndogo."

"Injini si utabadilisha baadaye?"

Niliona uso wake ukilegea. Kijana wa watu hakujua alichokigusa. "Baadaye nitabadilisha," Fundi alisema taratibu. "Nikipata injini kubwa, haya yatakuwa yanatosha."

"Umeona sasa, mzee wangu! Gari linakua."

Tulirudi na manne. Ili yale ya nyuma yaingie, Fundi alirudi Mwanjelwa kutanua madigadi, yale mabati yanayofunika matairi, akayatoa nje kama mabega ya koti la mwanajeshi. Gari likapendeza, siwezi kukataa. Ukilitazama kwa nyuma lilikuwa na kiburi ambacho mwenyewe hakuwa nacho. Mama alilizunguka, akapitisha kiganja juu ya madigadi, akasema, "Limeshiba," akaingia ndani kusonga ugali. Safari ya Iringa ilikuwa wiki ile ile.

Kuhusu siku hiyo nina masimulizi mawili. La Fundi ni fupi: walipopita Chimala mvua ilinyesha, gari likateleza kidogo. La Mama ni hili: "Tulikuwa tunakwenda Iringa. Nikafumba macho. Nilipofumbua, tulikuwa tunatazama Mbeya."

Yote mawili ni kweli. Pale mbele ya Chimala malori yameikanyaga lami mpaka ikabonyea mifereji miwili, na mvua ikinyesha maji hukaa humo. Tairi jembamba lenye mzigo hukata maji likafika chini. Tairi pana chini ya gari jepesi hupanda juu ya maji likaelea, kama unga usiokorogwa. Nyuma ya Chura ilielea, ikapita mbele, na gari likazunguka polepole katikati ya barabara kuu, bahati yao barabara tupu. Hakuna aliyeumia. Hakuna kilichokwaruzwa. Mama alishuka, akachukua begi lake, akavuka barabara kwenye mvua, akasimamisha basi la Iringa. Kabla hajapanda alimwambia mumewe maneno ambayo Fundi aliyarudia kwangu kwa sauti isiyo na rangi, kama mtu anayesoma vipimo: "Humo siingii tena."

Alikaa kwa dada yake wiki kadhaa. Fundi alishona peke yake, na suruali zinazotakiwa kupunguzwa zilipangana kwenye kiti cha mkewe zikawa kilima. Hakuzigusa. Gari lilikaa uani limefunikwa shuka, na vijana wa bodaboda, kwa adabu ambayo sikuitarajia kwao, waliacha kuuliza.

Alikuwa na mazoea ya kuweka simu mezani, sauti ya nje, ili mikono iendelee na kazi. Kwa hiyo siku Mama alipopiga, mimi niliyekuwa nafua kwenye karo nilisikia kila kitu, kama alivyosikia kila aliyekuwa uani.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene. Mnaendeleaje huko?"

"Tupo. Baridi tu. Gari halijambo?"

"Gari zima. Ilikuwa mvua ile."

"Mvua haikuanza kunyesha siku ile. Nimewaza hapa. Mimi matairi siyajui. Wewe nakujua. Yale matairi uliyanunua kwa ajili ya injini gani?"

Cherehani ilisimama.

"Injini nitabadilisha," alisema Fundi.

"Lini?"

"Mungu akijalia."

"Basi na matairi mapana utanunua hapo Mungu atakapojalia. Fundi, umelikata gari kama sare ya darasa la kwanza. Mtoto anakua. Gari halikui. Miaka yote hii nakupunguzia nguo za watu, nikasema ni sawa, baridi. Lakini mimi nikipanda, nataka kupanda gari la leo."

"Nikiweka membamba litachekesha. Madigadi nimeshayatanua. Litakuwa na miguu ya mtoto kwenye kaptula ya babake."

"Yapunguze."

"Unajua mimi sipunguzi."

"Najua," alisema Mama. "Haya, wasalimie wapangaji."

Kwa siku mbili hakunitaja bega wala kiuno. Siku ya tatu asubuhi aliomba nimsaidie kusukuma gari hadi kwa wanunuzi wa mahindi, wenye mzani ule wa chini wa kupimia magunia. Tulipanga matofali bapa ili magurudumu mengine yalingane na kimo cha mzani, kisha tukapandisha gurudumu moja moja. Wapakiaji waliacha kazi.

"Mzee, unauza gari kwa kilo?"

"Ondoa mawe kwanza, tusije tukanunua mawe!"

"Limekauka lakini? Isije ikawa bichi."

Fundi alicheka nao, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa wiki kadhaa. Mbele, kila gurudumu lilibeba gunia na robo. Nyuma, magunia mawili. Aliyatazama majibu hayo kwa muda. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kulipima gari lenyewe. Mpaka siku ile alikuwa amelipima lile alilolitamani.

Alibadilishana matairi kule kule Mbalizi, safari hii kimya, na muuzaji alisikitika kama aliyefiwa. Mbele akaweka mia na sitini na tano, nyuma mia na themanini na tano: tofauti ya upana wa kidole gumba, basi. Alichagua namba za ubavu ili nyuma kuzidi mbele kimo kidogo tu, gari lisiiname. Kisha akafanya nisilotegemea. Hakuyapeleka madigadi kwa mtu. Aliazima msumeno wa chuma, akayakata mwenyewe pale uani, akayaingiza ndani, na mchomeleaji akaja kuyafunga. Mabati yaliyobaki yalikuwa vipande viwili vyembamba kama mwezi mchanga. Aliviweka juu ya kilima cha suruali, akavitazama, akavitoa, akakaa kwenye kiti cha mkewe na kuanza na suruali ya juu kabisa.

Mama alirudi. Kwa basi. Alilizunguka gari, akasema, "Sasa linafanana na gari." Hakuingia. Fundi hakumwomba.

Kilichofuata kilijulikana barabara yote. Kila Mama alipokwenda kwao, alikata tiketi ya basi, na Fundi alitoka nyuma ya basi hilo na gari lake la viti viwili, kiti cha pili kitupu, akalifuata hadi Iringa. Masika na kiangazi. Hakulipita hata lilipojikokota mlimani. Makondakta walizoea. Mama naye alichukua kiti cha nyuma kabisa, kwenye kioo kile kikubwa, akageuza shingo. Niliwahi kumuuliza anaangalia nini safari nzima.

"Naangalia magurudumu ya nyuma," alisema. "Kwenye maji."

"Na unaona nini?"

"Bado naangalia."

Niliondoka Ilomba nikahamia kwingine, na habari zao nilizipata kwa vipande. Mara ya mwisho kukutana nao ilikuwa stendi ya Iringa, mwezi wa pili, asubuhi ya mawingu mazito. Nilikuwa narudi Mbeya. Mama alikuwa mlangoni mwa basi na begi lake, na ng'ambo ya uzio, kati ya pikipiki, Chura lilikuwa limeegeshwa. Fundi alikuwa amesimama kando yake, amezeeka, koti la sikukuu mwilini. Aliniona kwa mbali. Macho yakatua begani.

"Umenenepa, mpangaji."

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Siti namba ngapi?"

Nikamwambia bado nahangaika, basi limejaa. Matone yakaanza kudondoka, makubwa, yakipiga mabati ya stendi. Kondakta akapaza sauti abiria wapande. Fundi hakumtazama mkewe. Alikuwa ameinama anafuta kioo cha mbele kwa leso, taratibu, kama mtu mwenye safari yake ya peke yake.

Mama aliitazama mvua. Kisha akanipa tiketi yake.

"Kaa kwangu," alisema. "Nyuma kabisa. Dirishani."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi nimeshaangalia."

Akavuka stendi kwenye mvua. Fundi alinyoosha mgongo alipomwona anakuja, akabaki na leso mkononi. Alizunguka upande wa pili akamfungulia mlango, akakuta amefungua mwenyewe.

Nilikaa nyuma kabisa. Mafinga walikuwa nyuma yetu. Makambako walikuwa nyuma yetu. Kupitia kioo chenye maji niliona vichwa viwili na mkono wa Mama ukipaa na kushuka, kwa maana alikuwa anaongea, bila kupumzika, na Fundi akiitikia kwa kichwa, macho barabarani. Tulipokaribia Chimala mvua ilikuwa ya kweli, na ile mifereji miwili ya lami ilikuwa imejaa. Basi lilipita likirusha maji pande zote. Nikaegemeza paji la uso kwenye kioo. Chura likaingia majini. Magurudumu ya nyuma yakakata maji, yakayamwaga kushoto na kulia, na nyuma yake ikabaki nyuma.

Mama alikuwa bado anaongea. Sidhani kama alijua tumeshapita pale.

Mbele kidogo barabara ilinyooka, na niliona taa ya pembeni ya Chura ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima. Dereva wa basi alisogea. Wakatupita.